Aironi za Mtumba: Mpini Kwanza, Kichwa Baadaye

Aironi za mtumba humfaa zaidi mchezaji wa gofu aliyekwisha kuvuka hatua ya kukwangua nyasi na kuukosa mpira, lakini bado hajafika mahali pa kuupiga katikati ya uso wa fimbo kila anapotaka. Handikapu yake huwa kati ya 18 na 28 hivi. Anacheza mwishoni mwa wiki, anafanya mazoezi jioni anapopata nafasi, na fimbo za kuazima alizoanzia zimekuwa fupi, nzito au nyepesi mno kwa namna anavyopiga sasa. Seti mpya ni ghali, tena mpigo wake utaendelea kubadilika kwa muda, kwa hiyo kulipa bei ya dukani kwa kitu ambacho huenda kisimfae mwakani ni kujitia hasara. Seti iliyotumika, ikichaguliwa kwa uangalifu, inamvusha kipindi hicho, na mara nyingi hubaki naye muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Afrika Mashariki haina upungufu wa seti za namna hiyo. Klabu ya gofu ya Entebbe ilianza 1901, ya Nairobi 1906, na tangu hapo fimbo zimekuwa zikipita mikononi mwa watu wengi. Mwanachama anayenunua mpya humuuzia kedi wake za zamani. Mgeni anayemaliza mkataba wa kazi huacha begi zima klabuni liuzwe. Jamaa walio Uingereza au Marekani huja na seti kwenye mizigo yao wakati wa likizo. Mwandishi wa makala haya amenunua na kuuza fimbo za aina hii, na amewakagulia wenzake, Dar es Salaam na Nairobi, na jambo moja limejirudia kila mara: mnunuzi huangalia kichwa. Anasoma jina la kampuni, anauliza mwaka, anatazama kama uso bado unang'aa. Mpini hautazami kabisa, na habari za urefu na mlalo hajui kama ni za kuulizwa. Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo. Mpini uje kwanza, urefu na mlalo vifuate, kichwa kiwe cha tatu.

Mipini ya aironi ni ya chuma au ya grafaiti. Katika chuma chenyewe kuna tofauti kubwa. Mpini wa Dynamic Gold wa kampuni ya True Temper, ambao umejaa katika seti za zamani za wachezaji wenye nguvu, una uzito unaokaribia gramu 130. Ipo mipini mingine ya chuma yenye gramu 95 hivi, na ya grafaiti huanzia gramu 50 na kupanda hadi 80 au zaidi. Mtu akishika fimbo moja dukani, hizo gramu 35 za tofauti hazimsumbui. Huanza kuzisikia kwenye shimo la 13 au 14, jua likiwa utosini, mabega yanapochoka na mikono kuanza kuchelewa kufika kwenye mpira.

Pamoja na uzito kuna ugumu. Viwanda huuandika kwa herufi: L kwa mipini laini ya wanawake, A kwa wazee, R kwa ugumu wa kawaida, S kwa migumu na X kwa migumu sana. Herufi hizi hazina kipimo kimoja kinachovifunga viwanda vyote. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu sawa na S ya nyingine, kwa hiyo herufi ni mahali pa kuanzia tu, na jibu lenyewe hutolewa na mpira. Mpini ukiwa mgumu au mzito kupita kiasi, mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia huruka chini na kukimbilia kulia, na viganja husikia mshtuko hata pale alipougusa vizuri. Ukiwa laini kupita kiasi, mpira hupaa juu bila kwenda mbali, huelekea kushoto, na mchezaji hupoteza hisia ya kichwa cha fimbo kilipo wakati anashusha mkono.

Hapa soko la mtumba lina mtego ambao soko la vipya halina. Seti zinazopendeza kuliko zote mara nyingi zimetoka kwa mchezaji hodari aliyehamia kwenye mpya, na mchezaji hodari alizinunua zikiwa na mipini mizito yenye herufi S. Anayejifunza anaona vichwa vizuri, bei nzuri, jina kubwa, anabeba nyumbani mipini ya mtu mwingine. Mwanamume mtu mzima asiye na historia ya michezo ya nguvu, anayeanza kukomaa katika gofu, aanze kutafuta chuma chepesi chenye herufi R. Wanawake walio wengi, wazee, na yeyote mwenye maumivu ya kiwiko au kifundo cha mkono, watafute grafaiti. Wanaume wengi huona aibu kushika grafaiti au herufi R, na aibu hiyo huwagharimu umbali na raha ya mchezo.

Jambo la tatu kuhusu mpini ni kwamba mipini yote katika seti iwe ndugu. Nyuma ya jengo la klabu moja ya Dar es Salaam, kedi mmoja mtu mzima aliwahi kupewa seti ya fimbo nane aikague kwa niaba ya kijana aliyetaka kuinunua. Hakugusa vichwa. Alizisimamisha zote ukutani, vichwa chini, kwa mfuatano wa namba, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Vilele vya mishikio vilishuka kwa mpangilio mmoja hadi kwenye namba 8, ambayo ilisimama karibu sawa na 7. Akaichukua, akapitisha ukucha juu ya vijihatua vilivyo kwenye mpini wa chuma, akaiweka kando ya namba 9 na kulinganisha vijihatua kimoja kimoja.

"Mwanangu, hii nane mpini wake si wa hapa," akamwambia kijana. "Ilivunjika, wakaweka walichopata."

"Kwa hiyo mzee, niiache seti?"

"Usiiache. Akupunguzie bei ya mpini mmoja."

Muuzaji alikiri kwamba ndivyo ilivyokuwa, na bei ikashuka. Kipimo alichotumia mzee yule ni cha kuaminika kabisa, kwa kuwa katika seti ya kawaida kila aironi huipita inayofuata kwa nusu inchi, yaani kama sentimita 1.3. Pengo likiwa kubwa au dogo kuliko hapo, kuna fimbo iliyokatwa, iliyoongezwa au iliyobadilishwa mpini.

Kuhusu urefu, aironi 7 ya kawaida ya mwanamume ina inchi 37 hivi. Watu warefu hukimbilia kuomba fimbo ndefu, lakini kinachopimwa kwanza ni umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, mtu akiwa amesimama wima na mikono imening'inia. Mrefu mwenye mikono mirefu anaweza kufaana na urefu wa kawaida, na mfupi mwenye mikono mifupi vivyo hivyo. Seti zilizokatwa kwa ajili ya mtoto au mtu mfupi ziogopwe, kwa sababu mpini uliokatwa hugeuka mgumu kuliko herufi yake na kichwa huonekana chepesi mkononi.

Mlalo ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo linaloeleza mipira mingi iliyopotea. Ni pembe kati ya mpini na wayo wa fimbo wakati wayo umekaa chini. Mlalo ukiwa bapa mno kwa mchezaji, ncha ya fimbo hugusa ardhi kabla ya kisigino, uso hufunguka, na mpira wa mchezaji wa mkono wa kulia huenda kulia. Ukiwa umesimama mno, kisigino ndicho kinachogusa kwanza na mpira huenda kushoto. Athari huwa kubwa zaidi kwenye fimbo fupi zenye mwinamo mkubwa, yaani namba 8, 9 na weji, zile zile ambazo mchezaji anazitegemea kuifikia grini. Anayejifunza akiona mpira unakwenda kulia hujilaumu na kuanza kupindisha mikono ili aurudishe katikati. Baada ya miezi michache amejenga mpigo uliopinda ili kuitii fimbo isiyomfaa, na kuuondoa mpigo huo baadaye ni kazi ndefu.

Kupima mlalo hakuhitaji mashine. Mpira huchorwa mstari mzito wa kalamu ya wino, huwekwa chini mstari ukiwa wima na ukitazamana na uso wa fimbo, kisha hupigwa. Wino huhamia kwenye uso. Alama ikisimama wima, yaani ikikata michirizi ya uso kwa pembe ya mraba, mlalo unafaa. Ikiinama upande wowote, haufai. Alama za nyasi zilizong'olewa husema vivyo hivyo: shimo lenye kina kikubwa upande wa ncha huashiria fimbo bapa. Fimbo za Ping hurahisisha kazi zaidi, kwa kuwa kiwanda huweka doti ya rangi nyuma ya kichwa. Nyeusi ni mlalo wa kawaida, nyekundu ni bapa kidogo, bluu ni uliosimama kidogo, na zipo rangi nyingine zinazozidi pande zote mbili. Mtu akishajua rangi yake, nusu ya kazi ya kuchagua Ping za mtumba imekwisha.

Mlalo usiofaa si lazima uifukuze seti. Fundi mwenye mashine ya kukunjia shingo anaweza kuurekebisha. Vichwa vilivyofuliwa kwa chuma laini hukubali nyuzi mbili au tatu bila shida. Vilivyomiminwa kwa chuma kigumu kisichopata kutu hukubali kidogo tu, na fundi mzembe anaweza kuvivunja shingo. Gharama ya fundi iingizwe kwenye hesabu kabla ya kukubaliana bei.

Sasa kichwa. Kwa miaka mingi aironi zilikuwa bapa za chuma zenye uzito uliokusanyika nyuma ya katikati ya uso. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi General Electric nchini Marekani, aliuhamisha uzito huo kwenye kingo za kichwa. Alianza na fimbo za kusukumia mpira kwenye grini mwaka 1959, kisha akaendelea na aironi, na mwaka 1982 kampuni yake ya Ping ilitoa Eye2, iliyogeuka kuwa kati ya aironi zilizouzwa zaidi duniani. Uzito ukiwa kingoni, kichwa hakizunguki kwa urahisi mpira unapogongwa nje ya katikati, kwa hiyo pigo baya halipotezi umbali wala mwelekeo kama ambavyo lingepoteza kwenye bapa. Mchezaji wa handikapu ya 22 hugonga nje ya katikati mara nyingi kuliko anavyogonga ndani yake. Vichwa vyenye mgongo uliochimbwa ndivyo vyake, na bapa nyembamba zinazovutia macho aziachie wenye mkono uliotulia.

Hata hivyo kuna kupitiliza upande wa pili. Aironi kubwa kabisa, zenye wayo mpana na shingo iliyorudishwa nyuma sana, humsaidia anayeanza kunyanyua mpira, lakini zinamficha makosa yake, na kwa mtu anayetaka kuendelea zinakuwa kikwazo mapema. Ukubwa wa kati unatosha: mgongo uliochimbwa, wayo wa upana wa wastani, na ukingo wa juu usio mnene sana. Seti za namna hii zilizotengenezwa miaka kumi na mitano iliyopita hazijapitwa kwa kiasi ambacho mchezaji wa ngazi hii anaweza kukihisi.

Namba iliyochongwa kwenye wayo isiaminiwe bila kupimwa. Aironi 7 ya miaka ya 1980 ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 36 hivi. Ya leo katika seti za wanaojifunza ina nyuzi 28 hadi 30, jambo ambalo zamani lingeitwa aironi 5. Muuzaji anaposema kwamba seti yake "inapeleka mbali", mara nyingi kilichobadilika ni namba. Athari yake huonekana mwishoni mwa seti. Weji ya zamani ilikuwa na nyuzi 48 hadi 50 na ya mchanga 56, na pengo halikuwa kubwa. Weji ya seti nyingi za sasa ina nyuzi 43 hadi 45, na mchezaji akiifuatisha na ya mchanga ya nyuzi 56 anabaki na pengo kubwa katika umbali anaouhitaji zaidi. Anayenunua seti ya kisasa atenge fedha za weji ya ziada ya nyuzi 49 au 50. Mapengo yanayokaribiana kati ya fimbo na fimbo ndiyo ya kutafuta.

Umbali wenyewe nao una mahali pake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira husafiri zaidi. Aironi 8 iliyofika mita 130 Nairobi haitafika hapo Mombasa wala Dar es Salaam, na tofauti inaweza kuwa ya fimbo nzima. Anayenunua pwani kutoka kwa mchezaji wa bara asichukue masimulizi ya umbali kuwa kipimo.

Ardhi pia ina neno. Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za kikuyu, nene na zenye kushika, ambazo husokota shingo ya fimbo na kufunga uso. Nyasi hizo hizo ndizo zilizoenea katika feawei za Riviera, uwanja maarufu wa Los Angeles. Kwenye nyasi hizo kichwa kizito kidogo chenye wayo usio mwembamba hupita vizuri zaidi. Pwani ardhi mara nyingi ni ya mchanga na hukauka ikawa ngumu, na wayo mpana sana hudunda juu yake na kuupiga mpira tumboni. Chumvi ya bahari nayo hula chuma laini cha vichwa vilivyofuliwa pale ambapo mng'aro wake umechubuka, kwa hiyo anayeishi pwani atafaidika na vichwa vya kumiminwa visivyopata kutu.

Ukaguzi wa hali ya fimbo huanza na uso wa namba 8, 9 na weji, ambazo huchakaa kwanza. Ukucha upitishwe juu ya michirizi. Ukinasa, ipo, ukiteleza, imekwisha, na mpira hautasimama kwenye grini. Katika seti iliyochezwa sana hubaki kiraka kinachong'aa, ukubwa wa sarafu. Kikiwa katikati, mwenye fimbo alikuwa mpigaji mzuri na inaelekea mipini yake ni migumu. Kikiwa karibu na kisigino au ncha, inafaa kuuliza kama urefu ulibadilishwa. Namba 3 na 4 hazisemi lolote kuhusu umri wa seti, kwa kuwa wachezaji wengi hawazigusi, na muuzaji mjanja huitanguliza namba 3 inayong'aa mbele ya mnunuzi. Mnunuzi aanze na weji.

Mpini wa chuma uviringishwe juu ya meza tambarare ili uonyeshe kama umepinda, na madoa ya kutu yaliyochimba ndani yahesabiwe kuwa dalili ya kuvunjika. Mpini wa grafaiti hukaguliwa karibu na shingo na pale unaposuguana na mdomo wa begi: mkwaruzo wa rangi si tatizo, lakini ufa au nyuzi zilizochomoza ni mwisho wake. Fimbo itikiswe karibu na sikio, maana kichwa kilicholegea hulia. Mishikio iliyokauka haina haja ya kuogopwa. Hubadilishwa kwa utepe wa gundi wa pande mbili na tapentaini kidogo, kazi ambayo makedi wengi wanaiweza, na gharama ya mishikio minane iondolewe kwenye bei ya muuzaji.

Fimbo bandia zipo, na hupatikana zaidi katika matoleo mapya yenye jina, yakiwa bado yamefungwa nailoni na yakiuzwa kwa bei isiyoaminika. Namba ya kiwanda iliyochongwa shingoni, ubora wa herufi na rangi yake, na ulingano wa uzito kati ya fimbo na fimbo ndivyo vya kutazama. Seti ya kawaida iliyochakaa kihalali mikononi mwa mwanachama anayejulikana haina hatari hiyo.

Kuhusu michirizi kuna sheria. Mwaka 2010 kanuni mpya zilipunguza ukali wa michirizi katika mashindano ya juu. Anayepanga kushindana na fimbo za kabla ya hapo aulize kamati ya klabu yake. Kwa mazoezi na mchezo wa kirafiki hana la kuhofia.

Seti isinunuliwe kwa wingi wa namba. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 kwenye begi, na mchezaji wa ngazi hii hapati faida yoyote kwa aironi 3 na 4. Kuanzia namba 6 hadi weji zinatosha, pamoja na haibridi moja au mbili kwa umbali mrefu. Seti yenye pengo la namba 4 huuzwa kwa bei ya chini, na kwa mnunuzi huyu upungufu huo ni faida tupu.

Wazee wa klabu hupenda kumtaja Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, kwamba utotoni huko Pedreña, Hispania, alijifunza kwa aironi 3 moja kuukuu ufukweni, kwa hiyo fimbo yoyote yafaa. Habari ni ya kweli, lakini yeye alikuwa mtoto mwenye siku nzima za kuusoma mpira, na mwili uliokua pamoja na fimbo. Mtu mzima mwenye saa chache kwa wiki hana muda wa kuufundisha mwili wake tabia za fimbo isiyomfaa.

Kabla ya fedha kutoka, namba 7 na weji zichukuliwe uwanjani na kupigwa taratibu kwenye nyasi, si kwenye zulia la mazoezi, kwa sababu zulia husamehe wayo unaochimba. Mchezaji apige kwa mkono wake wa kawaida, bila kujionyesha, kisha aangalie mpira unaanza wapi, unapaa kiasi gani, na alama ya wino imelala vipi. Muuzaji anayekataa fimbo zake zijaribiwe aachwe na seti yake. Nyingine itapatikana, kwani katika kila klabu yupo mwanachama anayekaribia kununua mpya.